Mashine Tatu Chumbani kwa Amulen

Imalingat alichomoa waya wa kwanza Daphine akiwa katikati ya kuchapa neno. Skrini ikafa. Nathan, wakala wa forodha aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akisubiri hati za lori la mchele, akapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Mzee! Ngoja kwanza! Gari yangu iko ndani ya hiyo kitu!"

"Gari gani?" Imalingat akaigeuza skrini, akaichungulia mgongoni. "Mimi naona vumbi tu."

Ilikuwa asubuhi, Malaba upande wa Uganda, na foleni ya malori ilikuwa imefika kule inakofikaga wiki mbaya. Watu walisema dereva mmoja alipanda mahindi kando ya tairi lake, akayapalilia, akayachoma na kuyala, na geti bado hajaliona. Katika kiofisi cha marehemu Okwi, vitu vilivyokuwa vinakwenda haraka ni mikono ya kaka yake.

Nywele za matanga zilikuwa zimeshanyolewa. Ukoo ulikuwa umekaa kijijini Molo, ukala, ukaamua: kompyuta mbili za marehemu zirudi nyumbani. Moja iende kwa Imalingat, kaka mkubwa, ambaye pia ni msomaji kanisani. Nyingine iende kwa Phanuel, mdogo wao. Mjane abaki na meza.

"Na viti," Imalingat aliongeza sasa, akionyesha kwa mkono mpana kama mtu anayegawa shamba. "Viti hatugusi."

Amulen, mjane mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili. Alisimama ili aseme. Midomo ilishafunguka. Kisha maneno "kompyuta mbili" yakamrudia sikioni, na midomo ikajifunga yenyewe.

Kompyuta hazikuwa mbili. Zilikuwa tatu, na katika chumba kile haikuwemo hata moja.

Kilichokuwa mezani ni skrini mbili, kibodi mbili na mausi mbili. Mashine zenyewe, yale maboksi meusi ambayo mafundi huyaita sipiyu, zilikuwa nyuma ya ukuta, chumbani kwa Amulen, ndani ya kabati la nondo ambalo Okwi alilichomelesha kando ya kitanda. Nyaya zilipita kwenye tundu la ukuta na kuingia katika kisanduku cha swichi, kikubwa kama Biblia ya kanisani, kilichofungwa chini ya meza. Kila kiti kilikuwa na vitufe vyake. Bonyeza cha kwanza, inakuja mashine ya Uganda, ile ya forodha za upande huu. Cha pili, inakuja ya Kenya. Cha tatu, ile waliyoiita ya raia: kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi. Mama akiwa Uganda, binti alikuwa Kenya, na dakika ya pili wanabadilishana nchi bila mtu kuinuka wala kugongewa pasipoti.

Watu wa ukoo hawakuwahi kufika ndani zaidi ya meza. Walichoona kinawaka ndicho walichokiita kompyuta.

"Mama," Daphine akaanza. "Waambie kwamba..."

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako mkubwa anafanya kazi."

Na Amulen mwenyewe akapiga magoti, akachomoa skrini ya pili, akaukunja waya vizuri na kuufunga kwa kipande cha kitambaa. Phanuel aliipokea, akaipima mikononi. Alikuwa mtu wa kumtania shemeji yake, hata msiba ukiwa haujamwishia vizuri.

"Mulamu, mbona hii nyepesi hivi? Siku hizi hata kompyuta zinakula mara moja kwa siku?"

"Ni za kisasa," Amulen akasema.

Mwenyekiti wa kijiji, aliyeletwa ili jambo lionekane limefuata utaratibu, alibeba kibodi kifuani kama sahani ya harambee. Imalingat aliinama chini ya meza, akaona taa ndogo za kijani zinapepesa.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya nyaya, Baba," Amulen akasema.

"Basi baki nayo. Leta shuka, tufunge hizi. Barabara ya Molo ni mawe."

Amulen akaingia chumbani kuchukua shuka. Pazia lilipofunguka, Imalingat aligeuza uso kabisa, akautazama ukuta mpaka aliposikia limefungwa tena. Kwenye pikapu alisimama, akavua kofia, akamwombea mjane kwa Mungu, sauti ikiwafikia madereva wa malori. Alimwomba Mungu ampe unyenyekevu.

Wakaondoka na shuka.

*

Mchana huo Amulen alishusha televisheni ya sebuleni, wakaiunganisha kwenye kisanduku. Kibodi waliazima kwa jirani. Herufi ya S ilikuwa imefutika. Walipobonyeza kitufe cha kwanza, hati ya Nathan ikatokea kama ilivyoachwa, neno la Daphine likiwa limekatikia pale pale. Nathan alishika kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Aki mathe, wewe ni noma. Wamebeba sura wakaacha ubongo."

Lakini ile televisheni ilikuwa kubwa, na ilitazama mlango. Herufi zilikuwa kama za bango la kampeni. Mwanamke wa chapati alisimama barabarani, akasoma taratibu shehena yote ya Nathan, kisha akaita wenzake.

"Kumbe ule mchele si wa Bugiri, kama wanavyotuambia! Njooni muone unakotoka!"

"Fungeni pazia, jamani," Nathan akalia. "Hii ni siri ya mteja!"

Wakafunga pazia. Walifanya kazi gizani, kwenye joto, viti viwili vimebanana mbele ya kioo kimoja. Mawakala waliozoea kuhudumiwa wawili wawili sasa walingoja mmoja mmoja. Wengine walingoja. Wengine walitazama saa, wakaaga kwa adabu, wakavuka kwenda kwa wengine.

"Watarudi," Daphine alisema wakati wa kufunga. Hakuwa anasema mawakala.

"Wakirudi, mashine ziko chumbani. Imalingat hawezi."

Hilo halikuhitaji maelezo katika nyumba ile. Kwao, kaka mkubwa wa mume ni kama baba mkwe. Hakanyagi chumba cha kulala cha mke wa mdogo wake, mume awe hai au awe kaburini. Okwi alilijua hilo siku aliyochomelesha nondo. Fundi alimuuliza mbona anaziweka mashine karibu na mto kama watoto wachanga. Okwi alimjibu, "Kwa mwizi nimeweka kufuli. Kwa kaka yangu nimeweka kitanda."

Fundi alicheka. Amulen pia alicheka siku hiyo. Okwi peke yake ndiye hakucheka.

"Na baba mdogo Phanuel?" Daphine akauliza.

Amulen aliligeukia pazia la chumbani. Mdogo wa mume ni habari nyingine. Huyo hutania, huitwa mume kwa mzaha, na mume wa kweli akifa, wazee wanaweza kumwambia aingie amrithi mjane, na akishaingia hakuna mzaha tena.

*

Jumapili, baada ya ibada, Imalingat aliwakaribisha majirani nyumbani kwake Molo waje waone kompyuta. Aliiweka skrini juu ya meza yenye kitambaa cha maua, akawakalisha watu kwenye mabenchi, akachomeka umeme kwa mkono wake mwenyewe.

Kioo kikawaka bluu. Watu wakasema aah. Kisha yakatokea maneno machache ya Kiingereza, madogo, ya kusema kwamba hakuna kinachoingia.

"Inasema nini?" akauliza Betty, mke wake.

"Inasema subiri."

Wakasubiri. Chai ikaletwa, ikanywewa. Kuku waliingia, wakafukuzwa. Yale maneno yakaanza kuhama, kona hadi kona, kama mbuzi aliyekata kamba. Imalingat alibonyeza kibodi, kwanza kwa kidole, kisha kwa kiganja.

"Labda inamtafuta Okwi," Betty akasema.

Alisema kwa upole, bila kukusudia ubaya, lakini kwenye mabenchi watu walitazamana. Mwanamke mmoja akajifunga leso upya.

Edwin, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akakohoa. "Mzee, samahani. Hii ni uso tu. Kichwa chake kimebaki wapi?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikapita benchi hadi benchi. Watu walicheka kama watu waliofunga tangu Majilio. Kuna mzee aliyechekea kikombe mpaka chai ikamtokea puani, na jioni ile hadithi ilikuwa imevuka Malaba, imefika Kenya, na huko skrini imekuwa mlango wa friji. Imalingat hakucheka. Alikichukua kitambaa cha maua, akakifunika kioo.

"Yule mwanamke," akasema, "alinikunjia hizi waya kwa mikono yake."

*

Alirudi Malaba katikati ya wiki. Betty alibaki ndani ya pikapu. Imalingat, Phanuel na mwenyekiti wa kijiji waliingia, wakalikuta pazia la mlango limefungwa na Nathan ameketi kwenye kiti cha Daphine, macho kwenye televisheni. Phanuel alikuwa amevaa koti la harusi yake. Hakutania.

"Ulinicheka," Imalingat akasema.

"Sikucheka, Baba," Amulen akajibu.

"Ulicheka ndani."

Hilo hakulikana.

"Mashine ziko wapi?"

"Chumbani."

Nje breki za lori zilipumua. Imalingat alivuta kiti, akaketi, akaweka kofia juu ya goti, na sauti yake ikawa ya kanisani.

"Nikitaka, Betty yuko pale kwenye gari. Angeingia sasa hivi azitoe. Lakini mimi sikuja kunyang'anya. Nimekuja kutengeneza nyumba. Nyumba ya Okwi haiwezi kukaa wazi hivi. Phanuel huyu hapa. Ataingia. Mashine zibaki pale pale zilipo. Skrini nimezirudisha, na shuka yako imefuliwa. Utafanya kazi yako kama zamani, wewe na binti yako, na hakuna mtu wa ukoo atakuja kukusumbua tena."

"Phanuel ana mke kule Iyolwa."

"Mke hajakataa."

"Hajaulizwa," Phanuel akasema kwa chini, akitazama vifungo vya koti.

"Na kama sitaki?" Amulen akauliza.

"Basi mashine ni za ukoo. Zitoke."

Daphine, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea. "Baba mkubwa, kuna sheria. Mjane hanyang'anywi siku hizi."

"Sheria si ndiyo mimi hapa?" mwenyekiti akasema, akicheka kidogo.

"Tutaenda kortini Tororo."

"Nendeni," Imalingat akasema bila hasira. "Kesi ya shamba la marehemu baba yangu iko huko huko. Ng'ombe aliyetajwa ndani yake alikuwa ndama tulipofungua. Amezaa, amezeeka, tumemla, na hakimu bado anauliza rangi yake."

Amulen alikuwa anamtazama Phanuel. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba Okwi mgongoni mpaka hospitali siku ile gari lilipokosekana. Hakupiga watu, hakulewa sana, na akiambiwa jambo na kaka yake alilifanya kama ng'ombe anavyofuata mwenzake aliye mbele. Angeingia kwa sababu ameambiwa. Angelala kwa sababu ameambiwa. Na asubuhi angeketi kwenye kiti hiki, akiuliza kwa nini wanaume wengi namna hii wanaingia na kutoka na karatasi zao.

Alizifikiria karatasi zenyewe. Mashine zikitoka, mawakala hawatangoja hata jioni. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba atagonga. Daphine atarudi Molo, chini ya baba huyu huyu mkubwa, kuchunga mahindi ya watu waliomchukulia kazi.

Nathan alimwinamia sikioni. "Mathe, kubali tu kwa mdomo. Mdomo haulali na mtu. Gari yangu imebaki ukurasa mmoja, wallahi."

"Na usiku akigonga mlango, Nathan? Mlango nao nikubali kwa mdomo?"

Nathan akarudi nyuma.

"Ngojeni," Amulen akasema, akainuka, akaingia chumbani. Pazia likaanguka nyuma yake.

Imalingat aligeuza uso kuelekea ukutani, kama desturi. Kutoka ndani walisikia funguo, kisha nondo zikilia, kisha kitu kizito kikiburutwa.

"Anatandika," Imalingat akamwambia mwenyekiti, na uso wake ukalainika. Alimfikiria mdogo wake aliyekufa, akaamini kwa moyo wote kwamba amemtendea haki. "Phanuel. Vua viatu."

Phanuel akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kilitokeza chote. Alisimama mbele ya pazia ameshika viatu mkononi, hajui aviweke wapi, anakificha kidole kimoja nyuma ya mguu mwingine. Daphine alitazama pembeni.

Televisheni ikazimika.

"Yawa!" Nathan akaruka. "Mathe! Mathe, sijatuma!"

Pazia likafunguka. Amulen alitoka na mashine ya Uganda ameikumbatia kifuani, nyaya zinaburuza sakafuni na vumbi lake. Aliiweka chini, karibu na soksi za Phanuel. Akarudi, akatoka na ya Kenya. Imalingat alikuwa amesahau kuutazama ukuta. Alitazama pazia wazi, akaona ukingo wa kitanda, akashtuka, akageuka tena.

Alipotoka na ya tatu, Daphine alimshika mkono.

"Mama, hii iache. Hii haina forodha, ni ya harusi na mazishi tu. Hata hawaijui. Wao walisema mbili!"

"Wakienda na mbili watarudi kuifuata hii moja," Amulen akasema. "Na wakirudi kuifuata, watarudi na huyu Phanuel."

Akajitoa mkononi mwa binti yake, akaiweka chini pamoja na nyingine. Alisimama, akajipangusa vumbi kwenye gauni lake la gomesi.

"Hizo ndizo kompyuta, Baba. Mkitaka kuhesabu, hesabuni. Sasa mle ndani kimebaki kitanda, na kile kitanda nilikuja nacho kutoka kwa mama yangu."

Mwenyekiti alitazama saa ambayo haikuwa mkononi mwake. Phanuel aliinama na soksi zake, akainua mashine iliyokuwa karibu, akaibana kifuani namna ile ile aliyokuwa ameibana Amulen. Akasimama nayo pale pale, hasogei.

"Mulamu," akasema. "Hii bado ina joto."

"Ilikuwa kazini."

Phanuel akafumba macho kidogo, kisha akatoka nayo nje, juani, bila viatu.

Walibeba zote. Nathan alikusanya hati zake moja moja, akazigongesha mezani ziwe sawa, akasema "Pole, mathe" kwa sauti ya mtu anayeaga wodini, akaenda zake upande wa geti, kwanza kwa kutembea, halafu mbio. Imalingat ndiye alikuwa wa mwisho. Alifika mlangoni, akasita, akaizungusha kofia mikononi.

"Zinawashwa namna gani?"

"Muulize aliyevua viatu."

Mwenyekiti akapaliwa na kicheko barabarani. Imalingat alivaa kofia, akapanda mbele, karibu na Betty, ambaye alitazama upande wake wa dirisha. Pikapu ikaenda na mashine, na skrini, na shuka iliyofuliwa.

Daphine aliketi kwenye kiti chake. Mikono ilimwendea yenyewe juu ya kibodi ya kuazima, ikakaa pale. Amulen alifungua pazia la mlango, mwanga ukaingia wote, na malori yakaonekana yamesogea. Lile la mbele lilikuwa limewasha injini.

Dereva mmoja kijana, mgeni kwa sura, alikuja mbio na bahasha mkononi.

"Mama, shikamoo. Ndiyo hapa wanatengeneza karatasi za transit?"

"Marahaba. Ilikuwa hapa."

"Mmefunga mpaka saa ngapi?"

Amulen alimtazama yule kijana, na bahasha yake, na lori lake lililoanza kupigiwa honi na waliokuwa nyuma.

"Pita tu, mwanangu," akasema. "Foleni itakuacha."